Everett Rogers: kutoka mahindi ya Iowa hadi redio ya Dodoma

Wanafunzi wa mawasiliano ya umma hutuuliza mara kwa mara nani mkubwa katika taaluma hii. Siku hizi wengi hujijibu wenyewe: hufungua Google Scholar na kutazama nani amenukuliwa mara nyingi zaidi. Kwa hesabu hiyo Everett Rogers ana washindani wachache, maana kitabu chake cha 1962, Diffusion of Innovations, kuhusu jinsi mambo mapya yanavyoenea, kimenukuliwa zaidi ya mara laki moja. Ila hesabu haisemi kimenukuliwa kwa lipi. Wapo wanaomtaja katika utangulizi wa tasnifu kama mtu anayepiga hodi, kisha hawamgusi tena hadi ukurasa wa mwisho.

Rogers alizaliwa 1931 katika familia ya wakulima huko Carroll, jimbo la Iowa, Marekani. Baba yake hakuyaamini mahindi chotara hadi ukame wa 1936 ulipomkaushia shamba huku ya jirani yakistahimili. Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti kuhusu wakulima wa jimbo hilohilo na mbegu hiyohiyo. Waligundua kuwa muuza mbegu ndiye aliyeleta habari, lakini jirani ndiye aliyemshawishi mtu kupanda. Rogers alikusanya mamia ya tafiti za namna hiyo, za kilimo, tiba na elimu, akaonyesha kwamba zinafanana: wachache huthubutu kwanza, wengi hufuata, na wengine huja mwishoni wakisuasua. Toleo la tano la kitabu lilitoka 2003. Rogers alifariki mwaka uliofuata.

Sisi Watanzania tunayo sababu yetu ya kumsoma. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Wasikilizaji wa enzi hizo watamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori na tamaa zake. Rogers, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha New Mexico, alishirikiana na watafiti wenzake, Watanzania wakiwemo, kupima kama mchezo ule ulibadilisha chochote. Ugumu ulikuwa hapa: watu wakianza kutumia uzazi wa mpango, utajuaje kama ni mchezo, na si kliniki au vipindi vingine vya afya? Dodoma ikawapa njia. Mtambo wa huko uliweza kurusha vipindi vya hapohapo, hivyo kati ya 1993 na 1995 mchezo haukusikika eneo hilo, huku sehemu nyingine za nchi zikiusikiliza. Matumizi ya uzazi wa mpango yakapanda zaidi ulikosikika. Dodoma nayo ilipoanza kuupata mwaka 1995, yakapanda huko pia. Matokeo yalichapishwa 1999, na kwangu mimi kazi hiyo inakipita hata kitabu chenyewe, kwa sababu ilijiweka mahali ambapo ingeweza kushindwa.

Jambo jingine lisiloonekana katika idadi ya manukuu ni kwamba Rogers alijikosoa. Mwaka 1976 aliandika kwamba mtazamo uliotawala, wa maendeleo kushushwa kutoka juu na vyombo vya habari kuwa tarishi wake, umepitwa na wakati. Baadaye alikiri pia kwamba tafiti za uwanja wake huchukulia kila kipya kuwa chema, na humlaumu anayekikataa bila kuuliza anapata nini.

Leo kuna kipimo cha h, kilichopendekezwa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: mwenye h ya 20 ana kazi 20, kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Ni rahisi kukokotoa, ndiyo maana kinapendwa. Lakini hifadhidata kubwa zinazohesabu manukuu zimejaa majarida ya Kiingereza, na mhadhiri anayechapisha kwa Kiswahili, au ambaye ripoti yake imebadilisha ratiba ya redio ya mkoa, huonekana humo kama hajafanya kitu. Kamati za kupandisha vyeo zingemwomba mwombaji alete, pamoja na namba zake, kazi mbili za watu waliompinga na jibu alilowapa.