Zirkonia Si Moja: Dhana Potofu Kuhusu Kofia na Madaraja ya Meno

Zirkonia ni kauri ngumu inayochongwa kuwa kofia, yaani kifuniko cha jino, au daraja, yaani meno bandia yaliyoungana yanayoziba pengo.

"Zirkonia zote ni ngumu, yoyote itafaa."

Dhana hii ndiyo inayoleta hasara kubwa zaidi, na hata wenye fani wapo wanaoishikilia. Tofauti iko kwenye itria, oksidi inayochanganywa na zirkonia. Yenye itria ya moli 3 kwa mia kwa kawaida huhimili megapaskali (kipimo cha mkazo) 900 hadi 1,200 ikipindwa. Ufa ukianza kufunguka, chembe zilizo jirani hubadili umbo, hutanuka na kuubana. Itria ikifika 5, karibu nusu ya chembe au zaidi huwa na muundo wa mchemraba, nazo hazibadili umbo. Mwanga hupenya vizuri, lakini nguvu hushuka hadi takriban 500–700, na ufa ukishaanza hauna wa kuuzuia. Yenye 4 iko katikati.

Kiwango cha kimataifa cha kauri za meno, ISO 6872, kinataka angalau megapaskali 500 kwa daraja la meno matatu linalogusa gego, na 800 kuanzia meno manne. Kwa hiyo daraja refu la nyuma lililotengenezwa kwa zirkonia ang'avu kwa kuwa tu inapendeza limekosewa kabla mashine haijaanza kuchonga.

"Inayopitisha mwanga zaidi ndiyo hupendeza zaidi."

Kwa jino la mbele lenye rangi nzuri, sawa. Jino lililochongwa likiwa jeusi, au lina nguzo ya chuma, weusi huo utaonekana hadi nje. Hapo inahitajika isiyopitisha mwanga sana.

"Zirkonia hula jino linaloumana nayo."

Ikisuguliwa ikang'aa, huila enameli, tabaka gumu la nje la jino, kidogo kuliko porseleni. Kinachoumiza ni ukwaruzo: daktari anapunguza mahali panapogonga, kisha mgonjwa anaruhusiwa kwenda bila sehemu ile kung'arishwa upya. Dakika hizo chache za kung'arisha zisirukwe kamwe.

"Diski ya matabaka ina nguvu ileile juu hadi chini."

Diski ni bamba la zirkonia ambamo kofia au daraja huchongwa. Baadhi ya diski za matabaka hutofautiana rangi tu. Nyingine zina itria nyingi juu na kidogo chini, hivyo nguvu hutofautiana pia, na kiungo cha daraja, sehemu inayounganisha jino na jino, kikiangukia tabaka la juu kinakuwa dhaifu. Kabla ya kuchonga, fundi asome maelezo ya mtengenezaji, kisha alipange daraja ndani ya diski ili viungo vikae kwenye tabaka lenye nguvu.