Pampu iliyokuwa ikitafuna kokoto: wiki nane za PT Kigoma

Kila ifikapo Julai napokea wanafunzi wawili watatu wa uhandisi wanaokuja PT, yaani mafunzo kwa vitendo, na siku ya kwanza, kabla sijawapa spana, nawapa kamba, jiwe na geji ya vakyumu, ile inayoonyesha presha imeshuka kiasi gani chini ya ile ya hewa. Huwa wanatazamana. Leo nataka kueleza tabia hiyo niliitoa wapi, maana niliitoa Kigoma, nikiwa nimemaliza mwaka wa pili wa uhandisi mitambo.

Kigoma nilikwenda kwa sababu shangazi yangu anakaa Ujiji, na mwanafunzi wa PT huenda alipo na ndugu wa kumlaza na kumlisha. Nilisafiri kwa reli ya Kati, kilomita kama 1,250 kutoka Dar es Salaam. Pale Tabora njia inagawanyika, moja inakwenda Mwanza na nyingine inaendelea magharibi, inapita Uvinza kwenye chumvi, mpaka reli inaishia ziwani. Nilipokelewa na karakana ndogo iliyokuwa ikitengeneza injini za maboti na pampu za maji. Fundi mkuu alikuwa mzee aliyeishia darasa la saba na aliyekuwa ameshika mashine tangu kabla sijazaliwa.

Wiki mbili za mwanzo logibuku yangu, daftari la kuandikia kazi za kila siku, ilijaa sentensi kama "Leo tumefanya matengenezo ya pampu." Nilikuwa nafika mapema, nashika tochi, naosha vipuri kwa dizeli, na jioni naandika hivyo. Hakuna aliyenikosoa. Lakini sentensi hiyo haisemi pampu ipi, ilikuwa na nini, wala iliachwa katika hali gani. Atakayeifungua mashine hiyo baada yako anaanza upya.

Wiki ya tatu tuliitwa kwenye taasisi moja iliyoko kilimani, inayovuta maji yake ziwani. Tulikuwa bado tunateremka njia ya kwenda kwenye kibanda cha pampu nikasikia mlio kama wa mtu anayekoroga kokoto ndani ya sufuria. Maji yalikuwa yanafika tangini kwa unyonge. Impela, lile gurudumu la mapanga linalozunguka ndani ya pampu, ilikuwa imebadilishwa mara mbili ndani ya miaka miwili, na zile za zamani zilikuwa zimehifadhiwa kwenye boksi. Nilizishika. Ni shaba nzito, lakini mapanga yake yalikuwa na vishimo vingi kama ubao ulioliwa na bungua.

Fundi alisikiliza kidogo, akasema, "Mwanangu, hii inatafuna kokoto, na kokoto zenyewe hazimo." Walikuwa wameshakagua chujio zaidi ya mara moja bila kukuta mchanga wa maana. Kisha akaongeza jambo ambalo yeye alilijua kwa miaka mingi na mimi ningeweza kulipita: masika pampu hii hunyamaza, kiangazi ndiyo hupiga kelele.

Hapo ndipo somo nililofaulu darasani lilipopata maana, na nalieleza polepole kwa sababu nakutana na mafundi na hata wahandisi wanaolikosea.

Pampu haivuti maji. Mtu anayekunywa togwa kwa mrija hadhani hivyo, lakini anachofanya ni kuondoa hewa ndani ya mrija, na hewa ya nje inayokandamiza togwa ndiyo inayoipandisha. Pampu iliyokaa juu ya usawa wa ziwa inafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo hata uwe na mota kubwa namna gani, maji hayatapanda upande wa kuvuta kupita uwezo wa hewa kuyasukuma. Ufukweni Dar es Salaam hewa ina uwezo wa kubeba nguzo ya maji ya mita 10.3 hivi. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na uwezo huo unashuka mpaka kama mita 9.4. Karibu mita nzima imepotea kabla hujafunga boliti ya kwanza. Mchoro uliochorwa kwa ajili ya pwani ukiuleta Kigoma bila kuupunguza, umeshakosea.

Jambo la pili ni kuchemka. Tumezoea kwamba maji huchemka kwa moto, kwa nyuzi 100. Lakini yanachemka pia yakiwa ya kawaida kabisa, nyuzi 26 kama yale ya ziwani, presha juu yake ikipungua vya kutosha. Ndani ya mdomo wa impela, presha ikishuka mpaka hapo, maji yanatoa mapovu ya mvuke. Mapovu hayo yanabebwa hatua chache mbele kwenye presha kubwa, na huko yanasinyaa kwa ghafla. Kila povu linapofunga linapiga chuma pigo dogo lakini kali sana, na mapovu ni maelfu. Hizo ndizo kokoto za mzee. Vitabuni huitwa kavitesheni.

Kabla ya kufungua chochote, fundi alifanya jaribio ambalo mpaka leo nalifundisha. Alifunga taratibu vali ya upande wa kutoa, nusu hivi, na mlio ukafa. Maji yalipungua, lakini mlio ulikufa kabisa. Nikamweleza kwa nini: ukipunguza mwendo wa maji, msuguano kwenye bomba la kuvuta unapungua, na pampu yenyewe inadai presha ndogo zaidi mdomoni. Akanitazama, akasema, "Sasa pima."

Tulifunga geji ya vakyumu mdomoni mwa pampu, tukaiwasha tena kwa mwendo wake wa kawaida, lita kama 30,000 kwa saa. Ikasoma baa 0.65 chini ya presha ya hewa, yaani mita 6.6 za maji. Kisha nikachukua kamba na jiwe, nikapima kutoka katikati ya pampu hadi usawa wa ziwa: mita 4.6. Tofauti ni mita 2, na hizo zote zilikuwa zinaliwa na bomba. Ukitoa mita 6.6 kwenye 9.4, na ukitoa pia kama sentimita 30 za mvuke, yaani presha ambayo maji hayo yakishuka mpaka hapo yanachemka, unabaki na mita 2.5. Karatasi ya mtengenezaji, tuliyoikuta imekunjwa ndani ya kabati, ilisema pampu ile kwa mwendo ule inahitaji mita 3 za kubaki. Ilikuwa inapungukiwa nusu mita tu. Na ndiyo maana masika, ziwa linapojaa na kukaribia pampu, kelele zilikwisha.

Kosa lilitoka wapi? Bomba la kuvuta la mwanzo lilipochakaa, aliyelibadilisha aliangalia mdomo wa pampu, akakuta ni inchi 3, akaweka bomba la inchi 3, mita 20 za urefu. Simlaumu, inaonekana sahihi kwa macho. Lakini mdomo wa pampu si kipimo cha bomba. Bomba la kuvuta karibu siku zote linatakiwa kuwa pana kuliko mdomo. Ukipanua kutoka inchi 3 kwenda 4, kwa maji yale yale, hasara inashuka karibu mara nne.

Mimi nilipendekeza tushushe pampu karibu na maji, kwa kuwa hesabu ilinionyesha kila mita ya kushuka ni faida kamili. Fundi alikataa. Ziwa hili, alisema, hurudi lilikotoka. Alikuwa sahihi: miaka hii ya karibuni limepanda na kufunika vitu vingi vilivyojengwa ufukweni, na kibanda kile kingekuwa ndani ya maji. Tukaweka bomba la inchi 4, lenye mteremko mmoja tu wa kupanda kuelekea kwenye pampu, lisiwe na nundu ya kutega hewa. Mdomoni tukafunga kipunguzio kile cha upande mmoja, kiungo kinachotoka inchi 4 kwenda 3 kwa kubana upande mmoja tu, sehemu bapa ikiangalia juu, kwa sababu hiyo hiyo. Futi valvu, ile vali ya mwisho wa bomba ndani ya maji, tukaisafisha na kuirudisha.

Jumapili nilikuwa nateremka bandarini kuitazama meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiwaachie adui, lakini kabla ya kuizamisha wahandisi waliipaka mitambo grisi nzito. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tulilolizoea. Nilikuwa nakaa pale nikiwafikiria watu wale, wanapaka grisi mashine wanayoizamisha kwa mikono yao, kwa ajili ya mtu wasiyemjua.

Logibuku yangu ilibadilika tangu hapo. Kila ukurasa ukawa na kipimo cha kabla na cha baada, mchoro mdogo, na jibu la fundi kwa maneno yake mwenyewe. Nilipohitimu na kuingia SEAP, ile miaka mitatu ya mazoezi chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, sikuhitaji kujifunza upya namna ya kuandika kazi.

Siku tuliyowasha pampu na bomba jipya, fundi hakuangalia geji. Alisimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa, akisikiliza. Kulikuwa na mvumo wa mota tu. Mimi nikasoma: 0.50. Akaniletea kopo la rangi nyeupe na brashi, akanionyesha ukuta juu ya pampu, akasema niandike namba hiyo kubwa, na tarehe, na chini yake: bomba la kuvuta ni inchi 4.