Alaimenti iko sawa lakini gari haitulii? Angalia bushi

Wengi wanaoniletea gari za treki (uwanja wa mbio) wanakuja wakiwa wameshafunga shokapu mpya na alaimenti, yaani pembe za tairi, wameshapima, karatasi inaonyesha kila kitu kiko sawa, lakini ukikanyaga breki ya nguvu mwisho wa straiti gari inahamia upande mmoja yenyewe, na ukiachia mafuta katikati ya kona mkia unataka kutangulia. Jamani, anzeni na bushi, vile vipande vya mpira na chuma vinavyounganisha mikono ya sapensheni na bodi. Mashine ya alaimenti inapima gari iliyosimama, hakuna breki inayokanyagwa wala kona inayoisukuma pembeni, kwa hiyo bushi iliyochoka inakaa kimya pale na vipimo vinatoka vizuri kabisa.

Bushi ya kawaida ya kiwandani ni mabomba mawili ya chuma, la ndani na la nje, na katikati kuna mpira ulioshikana na chuma zote mbili. Haizunguki kama beringi. Wishboni (mkono unaoshika tairi na bodi) ikipanda na kushuka ni mpira wenyewe unaojinyonga halafu unarudi, ndiyo maana hauhitaji grisi. Barabarani inaweza kukaa miaka mingi tu, ila kwenye treki umeweka tairi zinazonata, mzigo wa pembeni unafika uzito wa gari yenyewe na hata kuupita, joto la diski linaupika mpira, na bado unapanda kerbi (kingo za treki) kila mzunguko.

Mimi naanza na bushi ya nyuma ya wishboni ya chini ya mbele kwa sababu hiyo ndiyo inabeba breki: tairi inavutwa nyuma, bodi inataka kwenda mbele, na ugomvi wote unaishia kwenye kipande kimoja cha mpira. Kikichoka tairi inarudi nyuma kidogo na kubadili uelekeo, na kama upande mmoja umechoka kuliko mwingine ndio unapata ule mvuto. Kuna gari ambazo bushi hii ina mafuta ndani yake, ukikuta imelowa basi imepasuka, badilisha. Nyuma inategemea gari. Wenye BMW E36 na E46 wanaijua vizuri bushi ya trelingi amu (mkono wa nyuma unaoshika tairi kutoka mbele yake), ikifa tairi ya nyuma inageuza uelekeo kila ukikanyaga na kuachia mafuta, na tairi zinalika upande wa ndani.

Sasa kupima, na hapa ndipo watu wanapokosea sana. Ukiinua gari kwa jeki ukatikisa tairi kwa mikono, kitu unachopima zaidi ni beringi ya tairi na boljointi (kiungo cha duara mwisho wa wishboni). Ikicheza juu na chini mwambie mtu akanyage breki, mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki endelea kutafuta. Bushi yenyewe inataka mzigo, kwa hiyo gari ikae kwa tairi zake, chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye wishboni mpaka kwenye bracketi ya sabufremu (fremu ndogo ya chini inayoshika wishboni), weka simu chini irekodi (usilale wewe chini ya gari iliyo kwenye gia, hata kwa dakika moja), halafu aliyekaa ndani akanyage breki na kuachia klachi kidogo tu, mbele, kisha rivasi. Video iangalie polepole. Bushi nzima mstari unahama kidogo, taratibu, na unarudi ulipokuwa. Iliyokufa inaruka, mara nyingi na mlio mmoja mkavu, tok, na wakati mwingine vipande viwili vya mstari havikutani tena.

Baada ya hapo ndio tia mtaimbo mdogo, kwa nguvu ya kiasi, maana mpira wowote ukiulazimisha utasogea. Linganisha kushoto na kulia. Nyufa ndogondogo za juu juu zisikutishe, na yale matundu mapana yenye kingo laini yametengenezwa hivyo kiwandani, nimeona bushi nzima zikitupwa kwa sababu ya hayo. Tafuta mpira ulioachana na chuma, bomba la ndani lisilokaa katikati ukilinganisha na la upande wa pili, unga mweusi wa mpira, na sehemu ya chuma inayong'aa kwa kusuguliwa.

Ukifunga mpya za mpira, bolti zisikazwe mwisho wakati tairi zinaning'inia! Shusha gari, ikae kimo chake cha kawaida, ndio ukaze kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Ukikaza zikining'inia mpira unakuwa umeshanyongwa muda wote na utachanika mapema sana, hii nadhani ndiyo inaua bushi mpya kuliko treki yenyewe. Halafu alaimenti irudiwe, maana ya mwanzo ilipimwa juu ya vitu vilivyochoka.

Za poliurethani? Kwa wishboni inayopanda na kushuka tu nazikubali, ni ngumu zaidi na breki inakuwa na uhakika, mradi uzipake grisi yake, la sivyo zinalia. Ila amu inayotakiwa kujipinda pande kadhaa kwa wakati mmoja, kama hiyo trelingi amu, poliurethani ngumu inaibana na mkia unaanza kushtukiza kwenye kona. Hapo naweka mpira mgumu zaidi wa kiwandani, au kama gari ni ya treki tu, beringi ya duara (ya chuma tupu, inayogeuka pande zote), ambayo utaikagua kila baada ya siku ya treki kwa sababu vumbi linaimaliza haraka.