WBGT: kipimo cha joto kinachoamua mbio za baiskeli

Mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yakifanyika penye joto, mabishano kwenye steji za boda hapa Kampala huwa ya aina moja. Mmoja anasoma kwenye simu kwamba huko wanakoshindana ni digrii 37. Mwenzake anamjibu kuwa hiyo ni kawaida, aende Adjumani au Moroto, kaskazini mwa Uganda, mwezi wa pili akajionee. Wa tatu anauliza hao Wazungu wanalia nini. Wote wanabishania namba isiyotosha. Madaktari wa mbio wanatazama namba nyingine, inayojulikana kwa herufi WBGT (Wet Bulb Globe Temperature), inayounganisha joto la hewa, unyevu na jua.

Tuanze na mwili wenyewe. Katika nguvu yote anayotumia mwendesha baiskeli, inayofika kwenye pedali ni kama robo tu, mara nyingi chini ya hapo. Iliyobaki inageuka joto ndani ya mwili. Anayesukuma wati 300 mlimani anazalisha pia joto la karibu wati 1,000, na lazima litoke. Hewa ikishakuwa na joto sawa na ngozi, njia ya kulitoa ni jasho peke yake. Na jasho linalodondoka kwenye lami halikupozi hata kidogo. Linalopoza ni lile linalokaukia mwilini.

Fua shati Moroto wakati wa kiangazi, ulianike: hujamaliza kusuuza la pili, la kwanza limekauka. Lianike Entebbe mvua ikiwa imetoka kunyesha, jua likiwa kali vilevile, mchana mzima litabaki na unyevu. Jasho la mwendeshaji nalo liko hivyo hivyo. Hewa iliyoshiba maji hailipokei.

WBGT ilibuniwa na jeshi la Marekani miaka ya 1950, baada ya makuruta kuanguka kwa joto mazoezini. Inaunganisha themometa tatu. Ya kwanza imefungwa kitambaa kilicholowa, inaonyesha jasho lingeweza kupoza kiasi gani. Ya pili imewekwa ndani ya tufe jeusi juani, inapima mwako wa jua. Ya tatu ni ile ya kawaida, iliyo kivulini. Kisha unachukua asilimia 70 ya ile yenye kitambaa, asilimia 20 ya tufe na asilimia 10 ya ile ya kivulini, unajumlisha. Yaani namba tunayobishania kila siku ina uzito wa sehemu moja tu kati ya kumi.

Tupige hesabu ya mfano. Siku kavu ya Karamoja, mkoa wa Moroto: kivulini 34, tufe 50, kitambaa 20. Jumla ni 14 na 10 na 3.4, sawa na 27.4. Siku ya unyevu ufukweni mwa Ziwa Victoria: kivulini 29, tufe 45, kitambaa 26. Hapo tunapata 18.2 na 9 na 2.9, yaani 30.1. Siku ambayo simu inaonyesha joto dogo ndiyo ya hatari zaidi.

Tofauti hiyo ina uzito mbele ya sheria. Mwaka 2024 UCI, chombo kinachosimamia baiskeli duniani, ilianza kutumia utaratibu wa joto kali unaotegemea WBGT, wenye maeneo ya hatari yaliyopewa rangi. Ikipita 28 ni eneo jekundu. Mbio hazifutwi papo hapo. Waandaaji, madaktari na wawakilishi wa timu na waendeshaji wanakaa kuamua: kusogeza saa ya kuanza, kuongeza pikipiki za maji na barafu, kufupisha njia, au kusimamisha kabisa. Mimi ningeanza na saa kila mara. Kufupisha njia kunabadilisha mbio zenyewe, lakini kuanza alfajiri hakumpunguzii mtu ushindi wake.

Mashabiki hukosea pia kwa kulitwisha joto kila kitu. Doha mwaka 2016, mashindano yalipelekwa Oktoba ili kukwepa joto la Qatar, na Peter Sagan akashinda mbio za wanaume za kilomita 257. Lakini kilichochana kundi kule jangwani kilikuwa upepo wa ubavuni, Wabelgiji wakiongoza kasi. Joto lilikuja kuwamalizia walioachwa. Kigali mwaka 2025, mashindano ya kwanza ya aina yake Afrika, waliomaliza mbio za wanaume alizoshinda Tadej Pogačar ni 30 tu. Joto lililaumiwa pale, lakini kilichowaangusha zaidi ni milima, pamoja na mwinuko wa jiji lenyewe.

Hata hivyo mlima na joto ni ndugu. Kwenye tambarare, kasi ya kilomita 45 kwa saa inakuletea upepo unaokausha jasho. Mlimani kasi ikishuka hadi 15, upepo unakufa huku mapigo ya moyo yakipanda. Ukiwaona watazamaji wakiwamwagia waendeshaji maji mlimani, au msaidizi akimpa mtu barafu ndani ya soksi ya nailoni aitie nyuma ya shingo, wanajaribu kufidia upepo huo.

Na ule usemi kwamba Mwafrika kazaliwa na joto? Tuuache, unawaumiza vijana wetu. Kampala iko juu ya mita 1,100, na Kabale watu wanavaa makoti. Kijana wa huko akipelekwa kushindana penye joto la unyevu, anahitaji kuzoeshwa sawa na kijana wa Norway: mazoezi ya siku 10 hadi 14 katika joto, hadi maji ya damu yaongezeke, jasho lianze mapema na chumvi inayopotea ipungue. Akirudi kwenye baridi, faida hiyo huyeyuka ndani ya wiki chache.

Kwa wanaoandaa mbio hapa nyumbani, nasema hili kwa uchungu: mbio zilizotangazwa kuanza saa moja asubuhi zisisubiri mgeni rasmi hadi saa nne. Na mwendeshaji akianza kuyumba, akajibu maneno yasiyoeleweka, chukulieni kwamba joto la mwili limepita digrii 40. Aingizwe kwenye pipa la maji ya barafu hadi shingoni, kichwa kikishikiliwa, palepale alipo. Ambulansi iondoke naye akishapoa.