Uislamu wa Asia ya Kati haukuanza upya mwaka 1991

Nafundisha historia ya siasa ya nchi zilizokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, uliovunjika mwaka 1991. Wanaonijia na maswali ni wanafunzi wangu, na siku hizi pia wazazi wanaotaka kuwapeleka vijana wao kusoma udaktari Kazan, Urusi, au uhandisi Almaty, Kazakhstan. Karibu wote huja na kauli ileile: "Wakomunisti waliua dini kule. Uislamu wao ni wa juzijuzi, umeletwa na Waarabu baada ya 1991." Anayeupenda Uislamu huisema kwa huruma, anayeuogopa huisema kwa wasiwasi wa magaidi. Wote wawili wamekosea, na kosa hili likishakaa kichwani hakuna jingine lolote kuhusu dola na dini kule litakaloeleweka. Kwa hiyo nitakaa nalo kuliko mengine yote.

Mateso yalikuwepo, sikatai. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mahakama za kadhi zilifutwa, mali za wakfu zikachukuliwa na serikali, madrasa zikafungwa, na mashehe wengi sana wakaishia kambini au mbele ya bunduki. Tarehe 8 Machi 1927 ilianza kampeni ya kuwavua wanawake wa Uzbekistan vazi la kujifunika uso, na mamia ya walioitikia waliuawa na jamaa au majirani zao. Herufi za Kiarabu ziliondolewa, zikaja za Kilatini, na kufikia 1940 zikaja za Kirusi. Ndani ya miaka kama kumi na tano mtoto alikuwa hawezi tena kusoma kitabu alichoachiwa na babu yake.

Wengi huishia hapo na kufunga daftari. Ninachowaomba ni kufika 1943. Vita na Ujerumani vilikuwa vimepamba moto, Stalin akiwahitaji Waislamu jeshini na viwandani, na akihitaji pia kuonekana vizuri mbele ya nchi alizoshirikiana nazo. Mwaka huo Tashkent ikafunguliwa idara ya kidini ya Waislamu wa Asia ya Kati na Kazakhstan, iliyojulikana kwa kifupi kama SADUM. Mufti wake wa kwanza alikuwa Eshon Babakhan, mzee wa ukoo wa tarika ya Naqshbandi. Idara nyingine tatu zilikuwa Ufa, Baku na Buynaksk kule Dagestan. Madrasa ya Mir-i Arab mjini Bukhara ilifunguliwa tena vita vilipokwisha, na mwaka 1971 Tashkent ikapata chuo cha juu cha elimu ya dini kwa jina la Imamu Bukhari. Mzee Babakhan alirithiwa na mwanawe Ziyauddin mwaka 1957, naye akarithiwa na mwanawe Shamsuddin mwaka 1982. Kiti cha mufti kilikaa katika nyumba moja vizazi vitatu, chini ya serikali iliyokuwa ikihubiri kwamba hakuna Mungu.

Wala wazo hilo halikuwa la Stalin. Malkia Catherine wa Pili aliidhinisha baraza la Waislamu kwa amri ya 1788, makao yake Ufa, mufti akiteuliwa na kulipwa na dola. Watawala wa Urusi wamekuwa na mufti wao kwa zaidi ya karne mbili, na Wasovieti walikuta njia imeshapasuliwa.

Hiyo ni dini ya ofisini. Ya nyumbani ilikuwa na wenyewe. Kada wa chama aliyelaani ushirikina mkutanini asubuhi alimpeleka mwanawe kutahiriwa, alimwozesha binti yake kwa nikaha nyuma ya pazia la ofisi ya usajili, na alipokufa alisaliwa na kuzikwa Kiislamu. Katika vijiji vya Bonde la Fergana walikuwepo akina mama waitwao otin, waliosomesha watoto Kurani, kuongoza hitima na kusoma maulidi majumbani. Polisi waliwaona kama bibi wasio na madhara, na kwa kudharauliwa huko elimu ikapita. Mlima Sulaiman-Too mjini Osh, Kyrgyzstan, haukukosa watu wa ziara hata Mufti Ziyauddin alipotoa fatwa mwaka 1959 ya kukataza ziara za makaburi na mazaara.

Tafadhali isome tena hiyo fatwa. Mufti wa serikali ya kikomunisti anakemea ziara kwa hoja ambazo leo tungeziita za kisalafi. Alizitoa wapi? Tashkent hapohapo. Miaka ya 1920 alikuwepo mjini shehe kutoka Tripoli ya Lebanon, akijulikana kama Shami-domulla, aliyefundisha kizazi cha wanazuoni kurudi kwenye hadithi na kuacha mila. Pesa za mafuta za Saudia zilikuwa bado hazijapatikana.

Upande wa pili wa elimu ulikuwa wa mafichoni, katika vyumba vilivyoitwa hujra. Mwalimu mkubwa kuliko wote alikuwa Muhammadjan Hindustani, aliyezaliwa 1892, akasoma India, akafungwa zaidi ya mara moja, na hatimaye akaweka makazi Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan, hadi alipofariki 1989. Alikuwa Mhanafi wa kikwelikweli, wa madhehebu yaliyozoeleka kule: aliwaambia wanafunzi kwamba utawala dhalimu huvumiliwa kwa subira na dua, na kwamba Waislamu wasijitie kitanzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya wanafunzi wake, mmoja wao Abduvali Mirzayev wa Andijan, walimpinga waziwazi, katika namna ya kuswali na katika siasa. Yeye akawaita Mawahabi, jina la wafuasi wa mafundisho yaliyotoka Saudia. Mabishano tunayodhani yalishuka kwenye ndege mwaka 1991 yalikuwa yameshawaka chini kwa chini, ndani ya chumba kimoja, kwa lugha za wenyeji.

Ulipofika mwaka 1991, Misahafu kutoka Saudia ilikuja, walimu wa Kituruki walikuja, na vijana walikwenda Cairo na Madina. Ila wageni hao walikuta nyumba yenye wenyewe. Na aliyeshika ufunguo wa nyumba hiyo ni yuleyule wa zamani. SADUM ilivunjika vipande, Kazakhstan ikitangulia kujitoa mwaka 1990, na kila jamhuri ikabaki na ofisi yake ya mufti na, juu ya mufti, kamati au wizara ya serikali ya mambo ya dini. Muhammad Sodiq Muhammad Yusuf, mwanachuoni aliyeshika kiti cha Tashkent 1989 baada ya waumini kuandamana kumkataa Shamsuddin, alipendwa mno na watu. Mwaka 1993 ilibidi auache umufti na nchi, na hakurudi hadi miaka kadhaa baadaye. Turkmenistan mambo yalikuwa mabaya zaidi: Rais Niyazov alitaka kitabu alichokiandika mwenyewe kiwekwe misikitini pamoja na Kurani. Mufti Nasrullah ibn Ibadullah alifukuzwa kazi 2003, akahukumiwa miaka 22 jela 2004, akaachiwa 2007, Niyazov alipokuwa ameshakufa.

Ndiyo maana nachoka na neno "kisekula" linavyotumika kuhusu nchi hizi. Katiba zinasema dini na dola vimetengana. Lakini Tajikistan serikali hulipa mishahara ya maimamu wakuu, na hotuba ya Ijumaa hufuata mada zilizopangwa juu. Sheria ya 2011 inawazuia wenye umri chini ya miaka 18 kwenda kuswali msikitini, na tangu 2004 fatwa ya baraza la maulamaa imewazuia wanawake. Dibaji ya sheria ya dini ya Kazakhstan ya 2011 inataja kwa heshima madhehebu ya Hanafi. Dola inayoitambua madhehebu moja kwa jina na kumwambia imamu aseme nini haijajitenga na dini. Imeichukua.

Msomaji wa Tanzania anayekumbuka jinsi EAMWS, jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ilivyovunjwa na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ikaanzishwa mwaka 1968 atashika haraka ninachosema kuhusu serikali kupenda chombo kimoja cha kuongea na Waislamu. Apime na tofauti pia. Kwetu mwalimu huweza kukusanya watoto barazani baada ya alasiri na kuwasomesha juzuu ya Amma bila kuulizwa. Dushanbe, au Ashgabat kule Turkmenistan, mwalimu huyo bila kibali anakabiliwa na mashtaka.

Huwa nawapa wanafunzi njia moja ya kuanzia, na sichoki kuirudia: ukiingia kwenye msikiti wowote kati ya Baku na Almaty, kabla ya kuuliza wanafuata madhehebu gani, uliza nani anamlipa imamu na nani ameipitisha hotuba yake.

Makosa mengine ninayoyasikia nitayapitia kwa haraka.

"Vita vya Tajikistan vilikuwa vita vya dini." Vilianza 1992 na kumalizwa kwa mkataba uliotiwa saini Moscow Juni 1997, vikiwa vimeua makumi ya maelfu ya watu. Chama cha Mwamko wa Kiislamu kilikuwepo, ndiyo, lakini kilikuwa bega kwa bega na wanademokrasia, wanaharakati wa lugha na utamaduni wa Kitajiki, na Waismailia, tawi la Mashia, wa milima ya Pamir. Upande wa pili walikuwepo watu wa maeneo ya Kulob na Khujand, Waislamu vilevile. Chukua ramani ya Bonde la Vakhsh: Wasovieti waliwahamisha watu wa milimani kwa nguvu wakalime pamba, wa Gharm kijiji hiki, wa Kulob kijiji kile, na dola ilipoporomoka majirani hao waligombea ardhi na vyeo. Mkataba uliwapa wapinzani asilimia 30 ya nafasi serikalini, na chama hicho kikawa chama cha Kiislamu pekee kilichoruhusiwa kisheria Asia ya Kati. Kilipata viti viwili bungeni, kikakaa kwa adabu, hakikurudi vitani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya nchi ilikitangaza kuwa cha kigaidi na viongozi wake wakafungwa vifungo virefu. Hili linaniuma, kwa sababu ulikuwa mfano adimu wa watu wa dini waliokubali kushindana kwa kura, na waliouvunja ni wale waliousaini mkataba.

"Waislamu wakiwa wengi, sheria lazima ifuate sharia." Katiba ya Kenya, nchi ambayo Waislamu ni wachache, inazitambua mahakama za kadhi katika ibara ya 170. Uzbekistan, ambako Waislamu ndio wengi mno, haina hata moja.

"Hijabu inapigwa vita na Warusi." Kwenye jamhuri huru wanaoipiga vita ni viongozi wenye majina ya Kiislamu. Uzbekistan ilikataza mavazi ya kidini hadharani mwaka 1998, ikalegeza 2021. Tajikistan mwaka 2024 ilipitisha sheria dhidi ya mavazi "yaliyo mageni kwa utamaduni wa taifa", na kila mtu alijua kinacholengwa. Ndani ya Urusi yenyewe mambo yako pande mbili: mkoa wa Stavropol wasichana walizuiwa kuvaa hijabu shuleni, wakati Chechnya ya Ramzan Kadyrov, jamhuri iliyo jirani, wanawake walilazimishwa kufunika kichwa ndipo waingie ofisi za serikali. Msichana mwenyewe hakuulizwa, si huku wala kule.

"Wote ni Masunni." Azerbaijan walio wengi ni Mashia, na Sheikh ul-Islam Allahshukur Pashazade, aliye kitini tangu 1980, anawasimamia Mashia na Masunni kwa pamoja. Kwenye milima ya Pamir wapo Waismailia, ndugu wa imani wa jamaa zetu wa Dar es Salaam na Mombasa. Miaka ya vita watu wa Badakhshan, mkoa wa milima hiyo, walinusurika njaa kwa chakula cha mtandao wa Aga Khan, na alipowatembelea Mei 1995 walikuwa hawajapata kumwona imamu wao kwa macho.

"Urusi Waislamu ni wageni." Wabulgari wa Volga walipokea ujumbe wa khalifa wa Baghdad mwaka 922, na Kazan ilikuwa mji wa Waislamu kabla Ivan wa Kutisha hajauteka 1552. Wazazi, kijana wenu akienda Kazan atapata msikiti, nyama halali na jamaa wa kufuturu nao. Nawatahadharisha kuhusu jambo moja tu, mizigo yake. Urusi ina orodha ya taifa ya maandishi yanayohesabiwa kuwa ya msimamo mkali, na mwaka 2012 mahakama moja ya Orenburg iliingiza humo zaidi ya vitabu 60 vya Kiislamu kwa hukumu moja, vikiwemo vya dua za kila siku. Vingi vilitolewa 2015 baada ya rufaa, lakini si vyote. Mwaka huohuo, baada ya mahakama ya kisiwa cha Sakhalin kukataza kitabu kilichonukuu aya za Kurani, na Kadyrov kuipinga hukumu hiyo hadharani, ilipitishwa sheria inayosema Kurani, Biblia na vitabu vitakatifu vya Wayahudi na Mabudha haviwezi kuwekwa kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo Msahafu apakie bila hofu. Vijitabu vya dua na tafsiri za mashehe wa kisasa aviache nyumbani, na akihitaji vingine anunue vilivyopitishwa na idara ya Waislamu wa Tatarstan.