Mashine ya umeme haiponyi mguu uliopooza bila mazoezi

Kuna ujumbe wa miaka mingi katika makundi ya mtandaoni unaodai kwamba mashine ya umeme hurudisha nguvu za mguu uliopooza kwa kiharusi, bila mazoezi yoyote. Kifaa chenyewe kipo, na kina manufaa: hupeleka mipigo midogo ya umeme kwenye neva iliyo chini kidogo ya goti, upande wa nje, msuli wa mbele ya muundi ukakaza na kuinua wayo, hivyo vidole havikwaruzi sakafu mgonjwa anapopiga hatua. Kikizimwa, mara nyingi wayo hulegea tena, jambo ambalo video zinazosambazwa hazilionyeshi. Tena, wengi hupata nafuu kiasi katika miezi ya mwanzo hata bila mashine, kisha sifa zote hupewa mashine.

Ukiiona video hiyo, tazama kama mgonjwa anatembea kifaa kikiwa kimezimwa. Kabla ya kununua, muulize mtaalamu wa fiziotherapia, hasa ikiwa mgonjwa amewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kwani umeme huo unaweza kukivuruga. Ujumbe wenyewe tafadhali usiusambaze, kwa sababu anayeuamini huweza kuacha mazoezi anayoyahitaji.