Kiranja na Orodha ya Wapiga Kelele

Mwalimu akishatoka darasani, kuna anayetoa karatasi. Ndivyo ilivyo Nakuru, ndivyo ilivyo Kakamega, na ndivyo ilivyokuwa kule Kisumu nilikosomea. Jina lako linaandikwa. Ukicheka linatiwa alama, ukiuliza kwa nini linatiwa nyingine. Wengi wetu tuliujua uongozi kupitia orodha hiyo ya wapiga kelele: kiongozi ni mwenye kalamu, na mwenye kalamu huogopwa.

Katika kazi yangu ya kuwafunza viranja na walimu wa ushauri nasaha, swali linalorudi kila mara ni hili: “Mwalimu, wakikataa kunisikiliza niwafanye nini?” Jibu langu huwavunja moyo. Huna la kuwafanya. Kuadhibu si kazi yako.

Hapa Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo kifungu chake cha 36 kinakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, iwe kimwili au kiakili. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili. Kifungu hicho hakimlengi mwalimu peke yake. Kinamgusa mtu yeyote. Kiranja anayempigisha mono, yaani mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza, magoti kwenye kokoto, au anayemfulisha nguo zake, hana kinga ya beji. Wala naibu wa mwalimu mkuu hawezi kumkabidhi kiranja mamlaka ambayo yeye mwenyewe hana. Nalisema hili kwa walimu bila kuficha, maana kiboko kilipotoka ofisini, kuna shule ambako kilihamia bwenini.

Matokeo ya chuki inayozaliwa na ukali huo tumeshayaona. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwamwagia petroli viranja wakiwa wamelala, wakawasha moto. Wanne walikufa. Hatia ni ya waliowasha kiberiti, wala hakuna ukali wa kiranja unaoweza kuihalalisha. Ila mkuu wa shule anayewapa viranja rungu anawaweka watoto wa watu mahali pa hatari, kisha yeye anaenda kulala nyumbani kwake.

Basi kiranja ni wa nini? Ni sikio. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilikumbwa na moto, nyingi katika muhula wa pili, na Kisii ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia sana. Muhula wa pili tunaujua: mitihani ya majaribio inakaribia, baridi imeingia, na mechi au burudani iliyoahidiwa imefutwa. Moto wa aina hiyo mara nyingi hutanguliwa na dalili. Kikaratasi kinapenyezwa chini ya mlango wa ofisi. Masanduku yanaanza kutolewa bwenini kimyakimya. Kuna mguno gwarideni, maandishi mapya chooni, chakula kinachoachwa na meza nzima kwa mpigo. Mwalimu wa zamu anayepita mara mbili usiku hawezi kuyaona yote hayo. Kiranja wa bweni anayaona, kwa kuwa analala humo humo.

Kwa nini basi hasemi? Chukua maharagwe yenye wadudu. Jumatatu wanafunzi wanamlalamikia kiranja wa bwalo. Anamwendea bwana stoo, anaambiwa asubiri. Jumatano anamwendea naibu, naye anauliza, “Ni nani hasa wanaolalamika?” Anataja wawili, akidhani anasaidia. Ijumaa wale wawili wanasimamishwa mbele ya shule nzima, na maharagwe ni yale yale. Kuanzia siku hiyo kiranja huyo ana jina jipya, msaliti, na bweni linanyamaza kila akiingia. Wiki mbili baadaye petroli ikiingizwa na mwanafunzi wa kutwa, hata fununu haitamfikia. Shule imeliziba sikio lake yenyewe, kwa swali moja la “ni nani?”

Ninachowashauri walimu ni chepesi: pokeeni jambo, msidai majina, ila pale tu uhai wa mtu uko hatarini. Kisha kiranja apewe jibu la kuwarudishia wenzake, hata kama jibu lenyewe ni kwamba gunia jipya litafika Jumanne. Kamukunji, yaani mkutano wa wazi wa wanafunzi wote, ya mara moja kwa mwezi, mwalimu mkuu akiwa ameketi na kuandika badala ya kuhutubia, imewahi kutuliza shule ambazo askari wangeshindwa.

Uchaguzi nao una nafasi yake. Mwaka 2009 liliundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa shule za upili, na shule nyingi zikaingia katika desturi ya kupiga kura ya siri. Ahadi za kampeni huchekesha (chapati kila Jumatano haziepukiki), lakini aliyepigiwa kura ana haki ya kuwaambia wenzake “hapana” bila kuonekana kibaraka. Kinachoniudhi ni pale kura zinapohesabiwa, kisha walimu wanafunga mlango na kutoka na majina mengine. Ni heri wangeteua tangu mwanzo.

Kwa wazazi na wanabodi: kifungu cha 56 cha ile Sheria ya Elimu ya Msingi kinampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi ya usimamizi ya shule ya upili. Katika mkutano ujao, tafuteni kiti chake. Kikiwa kitupu, ulizeni kama kuna aliyetumwa darasani kumwita.